Mwanamke Anayedunda Kifuani mwa Hoza

Mwalimu Mwantumu alipitia buchani asubuhi, akanunua moyo wa mbuzi, akaufunga kwenye jani la mgomba na kwenda nao darasani. Kidato cha tatu walikuwa wakilingoja somo hilo kwa hamu. Shule nyingine zote za Lushoto zilifundisha moyo kwa picha zinazoelea hewani, na ni Mwantumu peke yake aliyeshikilia kwamba kitu chenye damu kifundishwe kwa damu. Aliupasua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mpaka wanafunzi wa mbele wakarudisha viti nyuma.

"Vyumba vinne," alisema. "Viwili vya juu vinapokea, viwili vya chini vinasukuma. Damu iliyochoka inatoka mwilini, inaingia upande wa kulia, inapelekwa mapafuni ikapate hewa. Ikirudi inaingia kushoto. Huu ukuta wa kushoto mnauonaje?"

"Mnene, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Wa kulia unapeleka jirani tu, hapo mapafuni. Wa kushoto unapeleka mpaka kwenye vidole vya miguu."

"Vizuri. Na hivi viutando?"

"Vali. Ni milango ya kwenda tu. Damu ikishapita hairudi."

Akawaonyesha kwa ncha ya kisu mahali padogo kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia, mahali ambapo jicho haliambulii kitu. Hapo, aliwaambia, ndipo unapozaliwa umeme wa kila pigo. Hapo ndipo moyo unapojiamuru wenyewe bila kumngoja mwenye nao. Mahali hapo pakifa, nyama yote iliyobaki inaweza kuwa nzima kabisa na bado isijue la kufanya.

"Kama kwa mume wako, mwalimu?" akauliza msichana mmoja, wala hakuwa na ubaya.

Lushoto ni mji mdogo, na mambo ya watu huko huanikwa upesi kuliko nguo.

"Kama kwa mume wangu," Mwantumu akajibu.

"Sasa yeye nani anamwamuru?"

"Fungueni vitabu," alisema Mwantumu, na kisu akakiweka mezani kwa kishindo.

Aliyemwamuru Hoza alikuwa mwanamke, na mwiba ulikuwa hapo hapo.

Hoza alikuwa fundi wa magari ya kamba, yale yanayoning'inia juu ya mabonde kutoka Mombo hadi vilele vya Usambara. Homa moja ya masika ilimwingia moyoni na kukiua kile kisehemu kidogo chenye umeme. Zamani mtu wa namna yake angewekewa saa. Ndivyo watu walivyokiita kile kimashine kinachougonga moyo kwa mwendo mmoja, mchana na usiku, umekaa au umesimama. Lakini moyo mzima haupigi sawasawa hata kidogo. Ukivuta pumzi unaharakisha, ukiitoa unapunguza, ukiona nyoka unaruka. Mioyo iliyoliwa na homa ile haikustahimili saa. Baada ya miaka michache ilitanuka na kulegea, miguu ikavimba, pumzi ikawa ya kuomba.

Ndipo kikabuniwa kiitikio. Ni kitu kisichozidi punje ya harage, kinachoshonwa kwenye ukuta wa moyo mgonjwa. Mtu mwingine mwenye moyo mzima, anayeitwa mwanzishi, huvaa mkanda kifuani. Kila moyo wake unapopiga, habari hupita kwenye minara ya milimani, na moyo wa mgonjwa huitikia papo hapo. Mgonjwa akifanya kazi nzito, kiitikio humwongezea mapigo kidogo, ila wimbo wenyewe si wake. Mwanzishi akishtuka Mtae, mgonjwa hushika kifua Lushoto.

Hospitali ilipima watu wengi, na moyo uliofaa kuliko yote ukawa wa Salha Mbelwa, mfuga nyuki wa Mtae ambaye hakuwa ameolewa. Anayefuga nyuki hujifunza kuutuliza moyo wake, na asipojifunza nyuki watamfundisha. Daktari Mahimbo alifurahi, akasema hajawahi kuona mapigo matulivu kama yale. Mwantumu naye alifurahi, kwa siku mbili hivi.

Siku ya tatu aliegemea kifuani kwa mumewe, kama alivyozoea tangu uchumba wao, akasikia hodi ya mwanamke mwingine. Alijaribu kujicheka. Alijiambia yeye ni mwalimu wa bayolojia, anajua kwamba moyo ni pampu ya nyama na kwamba mapenzi hayana chumba humo. Alijiambia mengi. Lakini jina la Salha lilikuwa pale, du, du, likipunguza mwendo na kuongeza, limestarehe ndani ya kifua ambacho Mwantumu alikilipia ujana wake wote.

Mbaya zaidi ilikuwa siku ya kusawazisha. Kila mwezi ilibidi mgonjwa na mwanzishi wake wakae kliniki tangu asubuhi hadi adhuhuri, kifundo cha mkono kwa kifundo cha mkono, wamefungwa pamoja kwa kitambaa cheupe, ili kiitikio kijifunze upya. Walitembea pamoja uani. Walikula sahani moja, chakula kimoja, tonge kwa tonge, kwa sababu tumbo likishughulika na moyo hushughulika. Mwantumu aliketi nje kwenye benchi, akawaona kupitia kioo. Sahani moja! Kuna ndoa zimezeeka hazijawahi kuona sahani moja.

Nyumbani Hoza alikuwa akimenya viazi, mara shavu likamwiva.

"Anafanya nini sasa hivi?" Mwantumu akauliza.

"Nani?"

"Huyo wako."

"Labda anapanda ngazi, mke wangu. Mimi nitajuaje?"

"Na kutabasamu je? Nako ni ngazi?"

"Natabasamu kwa sababu ya maswali yako."

Kuna kipindi Hoza alikaa siku kadhaa kifua kizito, chakula hakipiti, anatazama ukuta. Alisema hajui ni nini. Mwantumu akajua, au alidhani anajua. "Unamtamani," alimwambia, na wakaacha kusemeshana mpaka Ijumaa.

Sheria ilimpa mke haki ya kwanza ya kuwa mwanzishi wa mumewe, mradi moyo wake upite kipimo. Mwantumu akaenda kupimwa. Daktari Mahimbo, mama mwenye maneno machache na miwani iliyokaa chini ya pua, alimvalisha mkanda wa majaribio kwa juma moja, kisha akamwita.

"Moyo wako mzima, mwalimu. Tabu ni moja. Unakimbia. Nimeutazama, unakimbia kila alasiri, na siku ya kusawazisha ulikimbia tangu asubuhi. Nikitaja jina la Salha hapa mezani unakimbia."

"Ni kwa sababu yumo. Akitoka utatulia."

"Unajua moyo unakula wakati gani?"

Mwantumu alijua. Aliwafundisha wengine. Moyo unawalisha wote, lakini wenyewe hula ukipumzika. Mishipa yake midogo hujaa damu pale unapolegea kati ya pigo na pigo. Ukikimbizwa mno haupati nafasi ya kula, na moyo wa Hoza haukuwa na akiba.

"Tulia, uje tena," alisema daktari.

Hakutulia. Alitafuta vidonge vya kupunguza mapigo, vile wanavyopewa wazee wenye presha, akavimeza kila asubuhi kwa siri. Kichwa kilimzunguka ubaoni, vidole vikawa baridi, lakini moyo ukatembea polepole kama ulivyotakiwa. Akapita kipimo. Salha akavua mkanda wake taratibu, akampa mkono wa heri, akaondoka zake. Hata ule utulivu wake Mwantumu aliuona ni majivuno.

*

Asubuhi ya kwanza aliegemea kifua cha Hoza, akajisikia mwenyewe humo ndani. Alilia kwa furaha, na Hoza akacheka kwa kuwa kifua chake nacho kilirukaruka.

Vidonge akaviacha. Si alishinda? Adui ametoka, wivu utakula nini? Lakini wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wivu wa Mwantumu haukuwa unakaa Mtae. Ulikuwa unalala kitanda kimoja naye.

Alasiri moja alimkuta Hoza barazani amegeukia milima ya kaskazini.

"Unatafuta nini huko?"

"Sitafuti kitu. Nilizoea saa kumi hivi kutulia, mwili mzima. Nadhani ndio wakati alipokuwa akiwatazama nyuki wakirudi."

Alisema tu, kama mtu anayesema mvua imekatika. Mwantumu hakuhitaji kujibu, maana Hoza alishika kifua chake kwa mikono miwili.

"Umeanza tena," alisema.

Tangu hapo hakukuwa na siri nyumbani mwao. Mke wa mtu mwingine akiona wivu hukunja uso, au hununa, au huvunja sahani, mume akajifanya hakuona. Hoza hakuweza kujifanya. Alikuwa akila wali, akiswali, akizungumza na jirani, na wivu wa mkewe ukamfikia kifuani ukiwa mbichi. Alichoka. Miguu ikaanza kujaa jioni, soksi zikamwachia alama, naye akasema ni kusimama sana kazini.

Kisha ikaja siku ya mnara. Mwantumu alikuwa katika chumba cha walimu akisahihisha madaftari, wifi yake akapiga simu.

"Wifi, yule Salha wa Mtae kapita hapa nyumbani. Anamuulizia kaka. Nimemwambia yuko kazini, kasema basi atamfuata huko huko."

Hilo tu. Mwantumu hakuinuka hata kwenye kiti. Lakini moyo wake ulitoka mbio, ukagonga mpaka masikioni. Aliwaona wakikutana, akaiona ile sahani moja, akauona ule mkono wa heri. Na Hoza wakati huo alikuwa juu ya mnara wa tano wa magari ya kamba, bonde lote likiwa chini yake, spana mkononi. Alihisi kifua kikipasuka, macho yakaingia kiza, akaachia. Mkanda wa usalama ndio uliomdaka. Wenzake walimkuta ananing'inia, midomo imepauka, na Salha hakuwa hata amefika.

Hospitalini Mwantumu alimwambia Daktari Mahimbo habari ya vidonge. Daktari alivua miwani.

"Wewe mwalimu wa bayolojia!"

"Ndiyo."

"Ningekufukuza humu ndani, ila nikikufukuza moyo wako utakimbia, na nani atakufa? Sikiliza. Arudi kwa Salha, kama Salha atakubali. Asipokubali tumwekee saa, na saa itampa miaka miwili, mitatu, ikiwa Mungu mwema."

"Na mimi? Nikijizuia?"

"Wewe unampenda kwa kelele," alisema daktari, na hakusema kwa ukali.

*

Alipanda gari la kamba kwenda Mtae, mkanda aliouvua Salha umo kwenye kikapu chini ya khanga ukingoja kifua cha kwenda. Wake mwenyewe ulikuwa umembana chini ya gauni. Njia nzima alihesabu pumzi ili moyo wa Hoza, kitandani kule chini, upate kula. Alikuwa ameyapanga maneno. Angepiga magoti ikibidi. Tena aliona uchungu kwamba angempigia magoti mwanamke yule yule.

Alimsikia Salha kabla hajamwona. Alikuwa akicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha mdomo wazi, kikapanda na kuanguka na kupanda tena, na Mwantumu akasimama njiani. Miaka miwili ya kukaa benchi la kliniki hakuwahi kumsikia mwanamke huyu akicheka. Alimdhani hana kicheko.

Salha alikuwa uani anakanda unga, na mwanamume mmoja, Sechambo, mwashi wa hapo hapo Mtae, alikuwa amekaa kwenye kigoda anamsimulia jambo. Unga ulimjaa Salha mpaka kwenye nyusi. Alipomwona Mwantumu kicheko kikakatika.

"Mwalimu. Karibu. Shemeji hajambo?"

"Hajambo."

"Nilipita kwenu nikamkosa, na kazini nikaambiwa kashaondoka. Nilikuja kuwaalika." Akamtazama Sechambo, akaona haya. "Tunaoana mwezi ujao. Ananingoja siku nyingi, maskini. Nilimwambia sitaki, kumbe nilikuwa siruhusiwi kutaka."

"Nani alikukataza?"

"Hakuna. Nilijikataza. Mtu akiwa na moyo wa mume wa mwenzie mkononi atapendaje? Nikimwona huyu nilikuwa nageuza njia, nisije nikamtetemesha shemeji huko kazini kwake." Alijifuta mikono, akaketi. "Mama yangu alipofariki, mwalimu, nililia kidogo kidogo. Niliogopa. Namwaga chozi, nanyamaza, nahema, namwaga jingine. Nimekuja kumlia mama sawasawa juzi juzi tu, baada ya wewe kuuchukua mkanda. Nilikaa kwenye mizinga nikalia siku nzima. Mungu akubariki."

Mwantumu aliuliza mama alifariki lini. Salha akamwambia. Ulikuwa mwezi ule ule Hoza alipokaa kifua kizito akitazama ukuta. Hivyo vilikuwa vilio vya msiba vilivyomezwa, na yeye akaviita tamaa.

Salha alikuwa akikitazama kikapu. Upindo wa khanga ulikuwa umefunuka, na ncha ya mkanda ilionekana.

"Hajambo kweli?" aliuliza taratibu.

Mwantumu alikiinamia kikapu. Salha akainuka. Hakupiga kelele wala hakulalamika, alinyoosha tu mkono wenye unga, uso wake ukiwa umesharudi kuwa ule wa kliniki, uliotulia kama maji ya mtungini. Sechambo naye akasimama na kuchukua kofia yake. Alionekana ni mtu aliyewahi kuichukua kofia ile na kuondoka mara nyingi.

Angempa tu mkanda, basi. Hoza angepona. Lilikuwa jambo la kunyoosha mkono. Na Mwantumu, aliyemwonea mwanamke huyu wivu kwa vitu asivyokuwa navyo, sasa alimwonea kwa kitu alichokuwa nacho: yeye, mke, hakuwahi kumfanyia Hoza hata robo ya hayo. Alikikumbuka kile kicheko alichokisikia njiani, akaufunika mkanda kwa khanga.

"Huu mbovu," alisema. "Naupeleka kwa fundi. Nilikuja kuitikia mwaliko. Tutakuja harusini."

Salha alimtazama sana. Kisha akakaa, na kila kitu usoni mwake kikafunguka tena.

*

Hoza alisikiliza habari yote, vidonge, mnara, mama yake Salha, kofia ya Sechambo. Alikuwa amekaa kitandani na mto mgongoni.

"Umeninyima," alisema. "Moyo wangu, Mwantumu. Uhai wangu, ukaugawa kama pilau bila hata kuniuliza."

"Twende sasa hivi. Ukitaka twende pamoja, umwombe mwenyewe. Atakubali."

"Najua atakubali! Ndiyo maana siwezi kumwomba." Alipiga godoro kwa ngumi. "Tazama. Nimekasirika mpaka natetemeka, na humu ndani hakuna hasira. Kuna woga wako. Hata kukasirika nakasirika kwa moyo wako."

Mwantumu akalia, na Hoza akalazimika kuhema juu juu mpaka alipomaliza. Nje mtu alikuwa anaita mbuzi.

"Nataka kitu kisichomjua mtu," Hoza alisema mwishowe. "Wakaniwekee saa."

"Miaka miwili, Hoza."

"Mitatu, Mungu akiwa mwema. Kawaambie."

Daktari Mahimbo hakubishana. Alifanya kazi yake asubuhi, mlango wa kliniki uko wazi na jua limeingia. Aliiwasha saa kwanza, kisha akamwambia Mwantumu avue mkanda kwa mkono wake mwenyewe. Mwantumu akavua. Hoza alifumba macho kidogo, akayafumbua, akasema hakuna maumivu.

Mwantumu alimshika kifundo cha mkono akasikiliza kwa vidole. Du. Du. Du. Mwendo mmoja, hauvuti wala hauachii. Hakuwemo Salha na hakuwemo yeye. Kifua kisicho na mwanamke ndani yake: si ndicho alichokitaka tangu mwanzo? Akamuwaza Salha makusudi, unga kwenye nyusi, kile kicheko. Moyo wake mwenyewe ukaenda mbio kama kawaida yake, na mkono wa Hoza haukujua lolote.

"Unawaza nini?" Hoza akauliza.

Tangu alipouvaa mkanda, hii ndiyo mara ya kwanza kwa Mwantumu kuhitaji kuulizwa.

"Nakuwaza wewe."

"Basi nitakuamini," alisema Hoza, akatabasamu, akaegemeza kichwa ukutani.

Mwantumu hakuuachia mkono. Saa ilikuwa inagonga chini ya ngozi ya mumewe, haichoki, haina neno. Hiyo ndiyo itakayolala naye na kuamka naye. Hiyo ndiyo itakayokuwa naye pumzi ya mwisho, hata yeye Mwantumu akiwa ametoka kidogo kwenda kuchemsha maji. Akaionea wivu, wivu mkali kuliko wote aliowahi kuuona, na safari hii akaumia peke yake.